Comrade wa Sagana, somea biashara kwa Equity

Comrade, unauza samaki wa kukaanga pale steji ya Sagana na unadhani shida ni doo tu? Cheki Equity. Ilianza 1984 pale Kangema, Murang'a, ikikopesha watu wa kujenga nyumba. Kufika 1993 vitabu vilionyesha imefilisika. James Mwangi akaingia, mama wa sokoni akawa kastoma wa maana, hadi gari la benki likamfuata kijijini. 2004 ikawa benki kamili, 2006 ikaingia soko la hisa. Lakini kukua kuna noma yake: 2025 ilifuta mamia ya wafanyakazi juu ya uaminifu. Sasa wewe, ukienda klasi beshte yako akibaki na meza, M-Pesa inaingia kwa simu ya nani?