Neno la Siri Ukutani ni Uzembe

Yako mazoea yanayopaswa kukomeshwa. Katika baadhi ya ofisi za umma na shule, toka Kisongo penye kiwanja cha ndege hadi Arusha mjini, neno la siri la mtandao usiotumia waya limebandikwa ukutani. Mwalimu, karani na mgeni hutumia hilo hilo moja. Mtumishi akihamishwa huondoka nalo, na halibadilishwi.

Wapo wakuu wanaojitetea kwamba mawasiliano hayo hufumbwa. Hoja hiyo ni dhaifu. Katika WPA2 ya neno moja, mwenye kulijua neno hilo, akinasa mawimbi wakati simu ya mwenzake inajiunga, aweza kufumbua kila kisicholindwa kwa njia nyingine. Nayo mawimbi hayatambui ukuta wala ua wa michongoma!

Dawa ipo tangu mwaka 2004. WPA2 hiyo hiyo huruhusu kila mtumishi awe na jina na neno lake, yanayohakikiwa na seva. Anayeacha kazi hufutwa siku ile ile. Wageni watengewe mtandao wao. Simu nazo zikague cheti cha seva, la sivyo tapeli atasimamisha mtambo bandia wenye jina lile lile. Fedha si kisingizio, kwani programu ya FreeRADIUS hutolewa bure. Kinachokosekana ni mtu aliyekabidhiwa dhamana.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji azilinde taarifa. Siku majalada ya watumishi yakivuja, mkuu wa ofisi atamtaja nani, ikiwa wote waliingia kwa neno moja?