Kwani Huyu Mtoto ni Nani?



Likizo iliyopita tulikuwa mafrateri watatu Mabatini, hapa Mwanza, tukisaidia utume wa vijana. Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, vijana walitualika kwenye kibanda umiza kilicho kati ya mawe, chini ya mlima. Tulikwenda. Mchungaji asiyejua kondoo wake wako wapi saa mbili usiku asiseme anawajua.

Ndani kulikuwa na mabenchi, turubai jeusi mlangoni, joto, na runinga moja. Iliyokuwa inaoneshwa ni The Walking Dead, ile tamthilia ya Marekani ya mazombi, msimu wa pili. Mwenye kibanda alishika rimoti. Kila wahusika walipokaa kuzungumza, aliisogeza mbele, na vijana ndio waliomwagiza: "Sogeza, kaka! Tunataka ekshen, siyo maongezi."

Tukafika pale mlango wa banda la shambani unapovunjwa. Mazombi wakatoka mmoja mmoja, wakapigwa risasi, na kibanda kizima kikashangilia. Mwisho akatoka msichana mdogo. Kwenye runinga kila mtu aliganda; mama mmoja akaanguka chini akilia. Hapo kijana aliyekaa mbele yetu akauliza: "Kwani huyu mtoto ni nani?"

Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyejua. Tulikuwa tumeruka maneno yote yaliyomhusu.

Mtoto yule ni Sophia. Anapotea porini mwanzoni mwa msimu huo, na kwa sehemu saba watu wanamtafuta: wanagombana juu yake, wanasali, mmoja wao anapigwa risasi wakiwa njiani kumtafuta. Sehemu ile ya banda ilioneshwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Novemba 2011. Watazamaji wengi wakati ule walilalamika kwamba maisha yale shambani kwa mzee Hershel ni maneno matupu, mazombi wachache mno. Ubishi huo haujaisha, na tumeusikia hata katika mabweni ya seminari: tamthilia ya mazombi uzuri wake uko wapi, katika mapigano au katika maisha ya wahusika? Sisi tunasema wahusika kwanza. Na tunaamini jambo hili linazidi suala la ladha.

Tuwe wa haki kwanza. Kijana aliyeshinda soko la Mlango Mmoja akibeba marobota ya mitumba anataka jioni aone kitu kinachokwenda kasi. Hatumlaumu. Wala Maandiko Matakatifu hayaogopi mapigano. Wapo akina Samsoni, wapo Wamakabayo. Lakini angalia Biblia inavyosimulia habari ya Daudi na Goliati. Sura ya 17 ya kitabu cha kwanza cha Samweli ina aya 58. Tunasoma habari za baba mzee anayemtuma mtoto awapelekee kaka zake bisi na mikate, na jibini kwa mkuu wao. Tunasoma kaka mkubwa anavyomkemea mdogo wake kwa wivu. Tunasoma mavazi ya vita ya mfalme yanavyomshinda kijana, akayavua. Jiwe lenyewe linaruka katika aya moja tu, ya 49. Ukisogeza mbele mpaka hapo, utaona kombeo na mtu mrefu anayeanguka. Hutajua kwa nini Israeli walipiga kelele za furaha.

Tamthilia hiyo hiyo inajua jambo hili pale inapokuwa bora. Katika msimu wa kwanza, wa mwaka 2010, Rick na wenzake wamezingirwa mjini Atlanta. Njia ya kutoka ni kumkatakata mfu mmoja na kujipaka uozo wake, ili mazombi wasisikie harufu ya watu hai. Rick anainua shoka, kisha analishusha. Anapekua mifuko ya marehemu na kutoa pochi. Anasoma leseni kwa sauti: Wayne Dunlap, aliyezaliwa mwaka 1979. Alikuwa na dola 28 na picha ya msichana. Ndipo shoka linafanya kazi yake. Ekshen inafuata, tena ya kutisha, lakini mtazamaji hawezi tena kusema kilichokatwa ni kitu.

Na baada ya risasi za bandani? Yanachimbwa makaburi matatu: la Sophia, la mke wa Hershel, na la kijana wa mke huyo. Waliobaki wanachomwa moto. Wanaopendwa wanazikwa, wengine wanateketezwa. Tunadhani hapa tamthilia inasema ukweli mchungu kuhusu binadamu, na hautuhusu Wamarekani peke yao.

Mtakatifu Augustino, ambaye chuo kikuu chetu cha Malimbe kina jina lake, alilijua hili zamani. Katika kitabu cha sita cha Maungamo anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana mwema aliyechukia michezo ya kuuana. Wanafunzi wenzake walimvuta kwa nguvu hadi uwanjani, huko Roma. Akakaa kati yao amefumba macho. Ghafla umati ukapiga ukelele, naye kwa udadisi akafumbua. Alipoiona damu akailewa. Aliyekuja kwa kuvutwa akawa mshangiliaji, na baadaye akarudi akiwavuta wengine. Augustino anatuonesha kwamba roho ya Alipio ilijeruhiwa vibaya kuliko mwili wa yule aliyekuwa akianguka uwanjani. Alipio hakujua jina la mtu yule. Hakuhitaji kulijua ili ashangilie.

Kwetu Kanda ya Ziwa nasi tuna hadithi yetu ya mfu anayetembea: msukule. Tuseme wazi, Kanisa halifundishi kwamba mchawi anaweza kumiliki marehemu. Kitabu cha Hekima kinasema roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Tena imani hii imemwaga damu. Katika nchi ya Wasukuma akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wakati macho yao mekundu yalitokana na moshi wa jikoni. Hilo tulikatae bila kuuma maneno. Lakini kama hadithi, msukule anatofautiana sana na zombi wa runinga. Msukule hamng'ati mtu. Ameibiwa sauti, analimishwa usiku shamba la mwingine bila ujira, na kwao wapo wanaomlilia. Daima ni wa mtu: ni Baba Fulani, ni binti wa Mama Fulani. Bibi zetu waliposimulia habari hizi, hawakutuambia tumpige shoka kichwani. Walituuliza ni nani aliyempoteza. Hadithi yao ilikuwa ya wahusika tangu mwanzo.

Sasa tueleze kwa nini jambo hili limetukaa moyoni. Siku chache baada ya jioni ile, mmoja wetu alikuta umati karibu na kituo cha daladala. Kijana mmoja alikuwa chini, anapigwa kwa mawe na fimbo. Ukiuliza kisa, jibu ni neno moja: "Kibaka." Ilidaiwa ameiba simu. Aliyekuwa nayo wala hakuonekana. Frateri wetu alipiga kelele, hakusikilizwa. Tukiri pia kwamba aliogopa, hakuingia katikati. Polisi walifika kijana akiwa bado anapumua, wakamwahisha hospitali.

Jioni yake katika jumuiya ndogondogo ikajulikana kwamba ni mtoto wa mama mmoja wa jumuiya ya jirani, mama ambaye kila Jumamosi hufagia kanisa. Hapo watu wakaanza kulia. Walilia wale wale ambao asubuhi walisimama kutazama. Hawakuwa wanafiki. Asubuhi aliyepigwa alikuwa kibaka. Jioni alikuwa amepata jina na mama. Kama angekufa asubuhi, redio ingesema tu ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na tungeendelea kunywa chai.

Hatusemi tamthilia ndiyo iliyorusha mawe. Watu walipigana mawe kabla runinga haijafika Mwanza. Tunachosema ni kwamba macho hujifunza. Anayezoea kila jioni kuona mwili wenye sura ya mtu ukikatwa pasipo mtu yeyote kuuliza ni nani, hupata urahisi fulani. Na anayezoea kungoja, kusikiliza, kumjua mhusika kabla hajafa, hupata ugumu fulani, ugumu mzuri. Ugumu huo ungefaa sana pale kituoni.

Tusijidanganye pia kwamba mazungumzo na machozi ni utakatifu. Augustino huyo huyo, katika kitabu cha tatu cha Maungamo, anajilaumu kwa kupenda maonesho ya huzuni: alilia kwa raha juu ya mateso ya watu wa kubuniwa, bila kuitwa amsaidie yeyote. Zipo tamthilia zinazovuta huzuni misimu na misimu ili biashara iendelee. Mtu aweza kumlilia Sophia usiku, na asubuhi akapita pembeni ya mtoto wa mtaani bila kumtazama. Ndiyo maana siku iliyofuata tulikwenda hospitali kumwona yule kijana. Hakutuambia mengi. Aliomba maji, na aliomba mama yake asiruhusiwe kuona jeraha la kichwani kabla halijafungwa.

Tulirudi pia kwa mwenye kibanda, tukamwomba Jumamosi moja aoneshe msimu ule tangu sehemu ya kwanza bila kusogeza. Alicheka, akakubali. Nusu ya vijana waliondoka kabla ya sehemu ya pili kwisha. Waliobaki, Sophia alipotoka bandani siku iliyofuata, hawakushangilia. Yule aliyeuliza swali alikuwa miongoni mwa walioondoka, tunamngoja.

Kwa wazazi, ombi letu ni dogo. Tamthilia hizi zina damu nyingi na hazifai watoto wadogo, hilo halina mjadala. Lakini kijana mkubwa akizitazama, kaa naye, na umuulize kuhusu yule anayekufa: huyu ni nani, wa nani, kwa nini yuko hapa? Akishindwa kujibu, basi hakuangalia hadithi, aliangalia machinjio.

Kwa mafrateri wenzetu, tuanze na sisi. Nasi tunasogeza mbele. Tunapowahubiria vijana juu ya Mashahidi wa Uganda, tunakimbilia moto wa Namugongo wa tarehe 3 Juni 1886. Ni mara chache tunamweleza Kizito kama mtoto wa miaka kama 14, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, aliyebatizwa na Karoli Lwanga siku chache tu kabla ya kufa. Bila hayo, moto ule nao unageuka kuwa ekshen.

Barabara ya Nyerere ikitoka Mabatini inakwenda Igoma, walikozikwa wengi waliokufa katika MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, wakiwemo ambao ndugu zao hawakuweza kuwatambua. Jiji hili liliwazika hata hivyo, halikuwachoma. Tobiti alifanya vivyo hivyo huko Ninawi: aliacha chakula mezani siku ya sikukuu, akaenda kumchukua maiti aliyetupwa sokoni, akamzika baada ya jua kuchwa. Maandiko hayatuambii jina la maiti yule. Kwa Tobiti ilitosha kwamba ni mtu wa taifa lake.

Novemba inakuja, na waamini wataleta bahasha zenye majina ya marehemu wao. Katika parokia nyingi msomaji huyasoma mbio mbio kwa sababu orodha ni ndefu na watu wana haraka. Tunawaomba mnaopangiwa kazi hiyo msiyarushe. Someni kila jina polepole, hata kama Misa itachelewa kwa dakika kumi.