Maua ya Vyombo vya Marehemu

Tulipokuwa Nyamira tulimzuru dada yetu mmoja, mzaliwa wa Malindi aliyeolewa huko. Kabatini mwake mna sahani na bilauri za marehemu mama yake, nyingi zikiwa na ufa. Mumewe ataka zitupwe; yeye moyo umemkataa. Akatuuliza: kuzigeuza maua ya bustani si israfu?

Tukamjibu kuwa israfu ni kutupa chenye manufaa. Wazee wa Mambrui walipachika vyombo vya Kichina kwenye mnara wa kaburi. (Hukumu ya kupamba makaburi ni mlango mwingine, leo hatuufungui.)

Sahani kubwa hukaa nyuma, kibakuli mbele yake, bilauri ndogo katikati. Hugandishwa kwa gundi ya silikoni, zikaachwa siku nzima, kisha zikainuliwa juu ya nondo. Atakayetoboa kwa keekee atumie ncha ya almasi, polepole, akinyunyizia maji. Na watoto wakae mbali na vigae. Nyanda za Kisii na Nyamira zina mvua nyingi, na malaria huko si ngeni. Ua likitazama juu hujaa maji, mbu wakazaliana. Na lielekezwe upande.

Lakini kabla ya gundi tulimuuliza: ndugu zako wameridhia? Vyombo hivyo ni mirathi, hata vyenye ufa. Akanyamaza. Ana kaka wawili na dada mmoja, wote Malindi. Akawapigia simu mbele yetu. Kaka waliridhia papo hapo. Dada akaomba bilauri moja tu, ile ya kunywea shahada za daku.