Msimwite Cliegg Lars mwoga

Wapenzi wa Star Wars wana hukumu wanayoipitisha haraka mno juu ya Cliegg Lars, baba wa kambo wa Anakin Skywalker. Mzee huyu, aliyeigizwa na Jack Thompson wa Australia, anaonekana kwa dakika chache tu katika Attack of the Clones ya mwaka 2002. Yuko nyumbani kwake kwenye sayari ya jangwa ya Tatooine, juu ya kiti kinachoelea, mguu mmoja hana. Anamsimulia kijana mgeni jinsi mkewe Shmi, mama wa kijana huyo, alivyotekwa na Tusken, wavamizi wa jangwani, kisha anamwambia kwamba mama amekwisha kufa na hana budi kulikubali hilo. Kijana hakubali. Anaondoka jua likizama, anamkuta mama yake angali hai. Hapo ndipo mashabiki wanapotoa hukumu: mzee alikata tamaa, mume gani huyo anakaa mezani na mkewe yumo mikononi mwa watesaji? Wanaume, wanasema, ni wale wa aina ya Anakin. Mimi naona hukumu hiyo inamdhulumu mzee, na mbaya zaidi, inaigeuza filamu yenyewe kichwa chini miguu juu.

Tuanze na hesabu, maana imo ndani ya maneno ya Cliegg na ni ajabu jinsi inavyosahaulika. Shmi alitoka alfajiri kuchuma uyoga unaoota kwenye mitambo ya kuvuna unyevu hewani. Alipochukuliwa, watu 30 walitoka kumfuata. Walirudi wanne. Cliegg mwenyewe alikuwa katika msafara huo, na mguu wake ulibaki huko. Anaeleza kwamba jeraha ndilo linalomzuia kupanda chombo tena mpaka apone. Watu 26 waliopotea si wanajeshi wa mtu yeyote, ni majirani, wakulima wenzake. Anayedai kwamba mzee alipaswa kuendelea atuambie basi alipaswa kwenda kubisha hodi kwa mjane yupi, amwombe mwanawe aliyebaki. Ujasiri wa kutumia damu ya watoto wa wenzio ni rahisi sana. Anakin alikwenda peke yake, ni kweli, lakini alikwenda na upanga wa mwanga, na Nguvu, na miaka 10 ya mafunzo ya Jedi. Kumpima mkulima kwa kipimo hicho ni kumlaumu mvuvi wa ngalawa kwa kushindwa na manowari. Tena hakuna aliyemzuia kijana asiende: chombo alichopanda kilikuwa cha Owen, mwana wa Cliegg.

Lakini Shmi alikuwa hai, watasema, kwa hiyo mzee alikosea. Ndiyo, alikosea kukisia. Mwezi mzima ulikuwa umepita, na kila alichokijua kuhusu jangwa lile kilimwambia kwamba hakuna anayeishi muda huo mikononi mwa Tusken. Kukisia vibaya kwa ushahidi ulio mbele yako ni jambo moja, kumtupa mkeo ni jingine. Na kama tunatafuta waliomtupa Shmi, wapo, ila hawaishi shambani. Katika The Phantom Menace ya mwaka 1999, Qui-Gon Jinn alimchukua mtoto akamwacha mama utumwani kwa Watto, baada ya kusema awali kwamba hakuja kukomboa watumwa. Kwa miaka 10 iliyofuata, Jedi, wenye hekalu na meli na sikio la Seneti, hawakurudi Tatooine kumkomboa mwanamke mmoja. Aliyemkomboa ni mkulima wa unyevu. Anakin alipoanza kumwota mama yake akiteseka, mwalimu wake Obi-Wan alimtuliza kwamba ndoto hupita. Sijawahi kusikia mashabiki wakimwita Obi-Wan mwoga.

Pingamizi lenye uzito ni jingine kabisa: Cliegg alimnunua Shmi. Alimlipa Watto, akamwacha huru, akamwoa, na habari hiyo tunaipata kwa kinywa cha Watto, muuzaji. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita hilo kwa wepesi. Lugha yetu ina neno suria, na pwani inajua vizuri ni mara ngapi mwanamke aliyenunuliwa aliitwa kipenzi bila kuulizwa anapenda nini. Shaka hiyo ni halali. Filamu haimpi Shmi nafasi ya kusimulia ndoa yake, na hilo ni kosa la George Lucas. Hata hivyo, tulichoonyeshwa ni kwamba uhuru ulikuja kabla ya ndoa, na kwamba nyumbani kwa Lars mwanawe Shmi anapokewa kama mtoto wa nyumba. Cliegg anamwita mwanangu saa ile ile ya kwanza wanapoonana.

Kuna mahali simtetei. Anaposimulia kuhusu Tusken anawataja kama mazimwi yasiyo na akili, yanayotembea tu kama watu. Ni uchungu wa mfiwa, lakini neno limeshatamkwa mezani, na usiku ule ule Anakin anawachinja wote kambini, wanaume, wanawake na watoto, kisha anakiri kwamba aliwaua kama wanyama. Maneno ya mzee hayakushika upanga, lakini yalikuwa njiani. Tofauti yao ni kwamba Cliegg aliona mwisho wa uwezo wake akasimama hapo, naye Anakin alikataa kwamba uwezo una mwisho.

Yasikilizeni maziko ya Shmi, maana hapo watu hawa wawili wanasimama upande kwa upande. Cliegg anamuaga mkewe, anamsifu, anamshukuru. Maneno yake yote ni juu ya marehemu. Anakin anapiga magoti na kusema juu yake mwenyewe: kwamba hakuwa na nguvu za kutosha, kwamba hatashindwa tena. Ahadi hiyo ndiyo inayomwingiza kwa Palpatine katika filamu ya mwaka 2005, anapoota tena, safari hii mkewe Padmé akifa, na kwa kukataa kumpoteza anawaua watoto wa Jedi hekaluni. Wanaomsifu kijana kwa kutokubali kifo cha mama yake wanasifu ugonjwa uliomgeuza kuwa Darth Vader.

Luke, mtoto wa kiume wa Vader, alipozaliwa hakupelekwa kwa Jedi yeyote alelewe. Alipelekwa shamba lile lile, kwa Owen na mkewe Beru, akakua akitengeneza mitambo ile ile ya unyevu. Mashabiki humcheka Owen pia kwa kumbana kijana asiende kurusha vyombo vya anga. Miaka kadhaa baadaye, katika Return of the Jedi, Luke anasimama mbele ya Palpatine, sasa Mfalme wa Dola, baba yake amelala chini bila mkono, ushindi uko wazi. Luke anautupa upanga.