Ndege ikianguka watu hupona

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama jirani yetu stendi ya Manyovu. Alikuwa anakwenda Dar es Salaam kumuuguza binti yake. Mwanawe wa kiume alikuwa tayari kumkatia tiketi ya ndege kutoka Kigoma, akakataa katakata. "Mwanangu, basi likipinduka wapo wanaotoka. Ndege ikianguka hakuna anayepona. Na hiyo ya pangaboi ndiyo usiseme." Waliokuwa pale wote wakaitikia. Akapanda basi la alfajiri, mfuko wake wa maharage miguuni.

Anayependa basi apande basi. Ugomvi wangu ni na hilo neno, "hakuna anayepona". Ni uongo, na sisi wa mkoa wa Kigoma tulipaswa kuwa wa kwanza kuukanusha. Tarehe 9 Aprili 2012, ndege ya Air Tanzania aina ya Dash 8, pangaboi hiyo hiyo, ilipata ajali ikijaribu kuruka hapo Kigoma mjini. Iliharibika isifae tena. Hakufa mtu hata mmoja.

Kisha ikaja Bukoba. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, saa tatu kasoro asubuhi, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Ndani mlikuwa na watu 43. Walifariki 19, wakiwamo marubani wote wawili, na tuliwalilia nchi nzima. Lakini 24 walitoka hai. Zaidi ya nusu!

Walitokaje? Majaliwa Jackson, kijana mvuvi, alifika na wenzake kwa mtumbwi na, kwa maelezo yake mwenyewe, akaupiga mlango wa nyuma kwa kasia mpaka ukafunguka, abiria wa nyuma wakatoka. Akazamia tena kuwafuata marubani. Kamba ikakatika, ikamtandika, akazirai. Kasia na kamba, basi, na ndege iko karibu na ufukwe, mkia wake unaonekana juu ya maji. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilieleza kwamba uokoaji ungekuwa wa haraka, wengi zaidi wangepona.

Hapo ndipo imani hii inaponitia uchungu. Anayeamini kwamba ndege ikianguka mambo yamekwisha hataulizia boti ya uokoaji. Atasema siku zao zilifika, na aliyepaswa kufika mapema hataulizwa kitu. Uwanja wa Kigoma nao uko kilomita chache tu kutoka Ziwa Tanganyika, na ndio tunaoutegemea sisi wa Buhigwe, na wengi wa Kasulu na Kibondo. Tuwaulize wabunge wetu: boti ipo? Ina mafuta leo? Wazamiaji wanakaa wapi, na mara ya mwisho walifanya mazoezi lini? Sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa kwenye mkutano wa hadhara huku kwetu.

Yule mama anarudi wiki ijayo. Mwanawe amemkatia tiketi ya ndege, na safari hii nilimpigia mama simu mimi mwenyewe. Nikamwambia: ukishakaa, mama, hesabu viti mpaka mlango wa dharura, na lile jaketi la kuokolea usilijaze hewa mpaka uwe umetoka nje. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza mlango huo uko mbele au nyuma.