PESA YA TAKATAKA: TWALIPISHWA MARA MBILI

Ndugu wafanya kazi,

Kila mwisho wa mwezi, Kayole, Umoja, Mukuru na mitaa mingine ya Nairobi, mtu hugonga mlango na kusema, "Pesa ya taka." Twatoa, kwa maana tusipotoa mfuko hubaki mlangoni ukinuka. Leo twauliza jambo moja: pesa hii ni ya nini, na ile tuliyokwisha kulipa imekwenda wapi?

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, yasema wazi kwamba kuzoa taka na kutunza majaa ni kazi ya kaunti. Kaunti nayo imepewa uwezo wa kutoza kodi ya viwanja ili igharimie kazi zake. Jina la mpangaji halimo katika daftari la kodi hiyo. Lakini mwenye nyumba huilipa kwa pesa za nani, kama si zile tunazompa kila mwezi? Basi sisi tumekwisha kulipa. Pesa ya mlangoni ni mara ya pili.

Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1970, lori za Baraza la Jiji zikipita mitaani, na wazoaji wakiwa watu wa mshahara. Kufika miaka ya 1990 lori nyingi zilikuwa zimekufa, taka zikalala njiani, na makampuni na vikundi vya vijana wakaingia penye pengo. Hatuwalaumu vijana wa mkokoteni. Nao watafuta unga. Twawalaumu wale waliotupa wajibu wao, kisha wakatuambia sasa hiyo ni biashara.

Tazameni matunda ya biashara hiyo. Shilingi ikiwa ndiyo inayoita lori, lori hufuata shilingi. Kule Muthaiga na Karen, penye bustani pana, hata majani yaliyofyekwa na matawi ya ua hupata wa kuyachukua. Kule Mukuru taka huishia Mto Ngong. Mvua kubwa za mwaka 2024 ziliposhuka, mitaro iliyozibwa na taka iliongeza balaa, na maji hayakuuliza nani amelipa. Nzi naye haulizi risiti. Hutoka jaani akatua juu ya chakula cha aliyelipa na cha asiyelipa. Taka si kama sukari ya dukani, ambayo asiye na pesa huiacha. Ni jambo la afya ya mji mzima, na la mji mzima hulipiwa na mji mzima, kila mtu kwa uwezo wake.

Watatujibu, "Anayechafua ndiye alipe." Neno hilo limo katika sheria ya mazingira ya mwaka 1999, nasi hatulikatai. Lakini lianzie juu! Familia ya chumba kimoja huchafua nini? Maganda ya viazi, mashina ya sukuma wiki na karatasi ya unga. Hoteli kubwa, maduka makubwa na wenye bustani za eka nzima hutoa kiasi gani? Tena, kwa karibu miaka 40 Nairobi ilitoza kodi ya viwanja kwa bei ya ardhi iliyopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Daftari jipya lilianza kutumika juzijuzi tu. Miaka yote hiyo bei ya ardhi ilipaa, lakini kodi haikupaa nayo. Mwenye ardhi alipoachiliwa hivyo, mpangaji ndiye aliyegongewa mlango.

Na hata tukilipa, mzigo wetu waenda wapi? Jaa la Dandora lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na miaka zaidi ya 20 baadaye lori zilikuwa bado zinamwaga huko. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni za kuoza: maganda, majani, mabaki ya sokoni. Hiyo ni mbolea, na mkulima anailia. Kuichanganya na plastiki na kuitupa jaani ni kututoza pesa ili mali itupwe.

Wala tusimsahau anayeubeba mzigo. Kijana wa mkokoteni mara nyingi hana glavu, hana buti, hana akiba ya uzeeni. Akikatwa na chupa, ajitibu mwenyewe. Ikiwa shilingi yetu haimfikii yeye, na haiusafishi mtaa, yafika wapi?

Kwa hiyo twadai haya. Kwanza, taka za nyumbani zizolewe kwa kodi ya viwanja, na mpangaji asitozwe tena mlangoni. Pili, ada ya mizigo mikubwa iwatoke wenye mizigo mikubwa. Tatu, vijana wanaozoa sasa waandikwe kazi na kaunti, kwa mshahara na vifaa, wala wasifukuzwe. Nne, hesabu ya pesa za taka isomwe hadharani.

Kila mwanachama na aweke risiti zake, au aandike tarehe na kiasi alicholipa kama hapewi risiti, aje nazo kwenye mkutano wa tawi. Mmoja akilalamika huitwa mkorofi. Tukija mia, kila mmoja na karatasi yake mkononi, watatafuta majibu.

Umoja ni nguvu.