Nazi Iliyopasuliwa na Kompyuta Iliyofunguliwa

Mzazi wa Mang'ula anayetaka mwanawe awe na kompyuta ya kusomea huagiza vipuri Kariakoo, navyo humfikia kwa basi kupitia Mikumi. Kijana hufungua boksi, huchopeka prosesa kwenye madabodi, yaani ule ubao mkuu wa kompyuta, kisha huwasha. Kimya. Akipiga simu dukani huulizwa: “Umeshafungua?” Akikiri, huambiwa mali iliyofunguliwa hairudi, na risiti imegongwa muhuri wa maneno hayo hayo.

Sisi tunaona jawabu hilo halitoshi. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ameizungumzia mas'ala hii katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa na madhehebu yetu ya Shafii. Mtu amenunua yai, nazi au tikiti, akapasua, akakuta kasoro ndani. Kupasua nako ni aibu mpya iliyotokea mkononi mwa mnunuzi, na kwa kawaida aibu mpya humwondolea haki ya kumlazimisha muuzaji aipokee mali yake. Hapa lakini, kwa kauli yenye nguvu, anarudisha wala halipi kitu, kwa kuwa ubovu wa ndani haukuweza kujulikana ila kwa kupasua. Akipasua kupita haja, anarudi kwenye hukumu ya kawaida.

Madabodi ni nazi. Uzima wake haujulikani mpaka ichopekwe, basi kufunguliwa boksi si hoja. Hata ule muhuri haumwokoi muuzaji: katika Minhaj hiyo hiyo, sharti la kujivua aibu zote linamfaa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, si kwa bidhaa nyingine. (Wafanyabiashara wetu wangapi wamelisoma hilo?)

Pini zilizopinda ni jambo jingine. Katika kompyuta za mezani za kawaida, Intel ilizihamisha pini kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye tundu la madabodi mwaka 2004, zikiwa 775; AMD ikafuata mwaka 2022 kwa tundu lenye pini 1,718. Ni nyembamba mno, na prosesa ikiponyoka mkononi huzilaza kwa mara moja. Kuzipinda si sharti la kuijaribu madabodi. Hiyo ni nazi iliyopondwa, na hasara ni ya aliyechopeka, hata kama fedha yenyewe ni ya mpunga wa msimu mzima. Kumsingizia muuzaji hapo ni kula mali yake kwa batili.

Uzito uko kwenye ushahidi. Wakigombana kama aibu ni ya zamani au mpya, anayesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake, na mnunuzi wa Mang'ula yuko mbali na duka. Kwa hiyo tunawashauri wazazi: mwombeni muuzaji apige picha ya tundu kabla ya kufunga mzigo, nanyi pigeni yenu boksi linapofunguliwa, kabla mkono wa kijana haujagusa kitu. Muuzaji akikataa ombi dogo kama hilo, maduka ya Kariakoo ni mengi.